Jeli Iliyokataa Kufundishwa

Kijiwe chetu kiko nyuma ya jengo la maabara, upande ambao jua la Aprili linafika mapema na upepo wa mtoni unafika kabla ya jua. Ni benchi moja refu la mbao. Ubao wake wa kukalia uling'oka msumari upande mmoja tangu kabla sijaja mji huu, hivyo mtu wa mwisho akisimama ghafla ubao unaruka, kahawa inamwagika, na watu wanaanza kulaumiana. Hakuna aliyewahi kuurekebisha. Mzee Torbjörn, ambaye ni mwanafizikia, anayo maelezo ya kwa nini ubao ule unacheza, na maelezo hayo yana hesabu ndefu. Kila asubuhi na kila alasiri anapita kwenye korido akigonga kikombe kwa kijiko, milango inafunguka, wasomi wanashuka. Huku Uswidi kukosa kahawa ya pamoja si jambo dogo. Ukikosa leo watu watauliza kama unaumwa. Ukikosa na kesho watasema unajiona.

Torbjörn kijiweni anaitwa Msuguano, kwa sababu ametumia maisha yake kuchunguza vitu vinavyosuguana, na kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kukaa na mtu bila kumsugua. Kando yake hukaa Gunvor, mtu wa takwimu, ambaye jina lake ni Bahati Nasibu. Umwambie jambo lolote, hata kwamba umevunjika mguu, atakuuliza kwanza kama haiwezekani limetokea kwa bahati tu. Wa tatu ni shangazi yangu Sirkka, tunayemwita Mdomo wa Kukodi. Miaka mingi alikuwa mkalimani wa Kifini mahakamani na hospitalini, na sasa anafanya utafiti wa jinsi wakalimani wanavyochoka na nini hutokea kwa maneno wakichoka. Mimi ninaishi kwake tangu mwaka jana, mama alipougua nami nikaacha shule. Alinitafutia kazi katika utafiti wake: nasikiliza kanda za wakalimani na kuweka alama kila mahali wanaponyamaza. Ndiyo maana nina nafasi kwenye benchi, na ndiyo maana wananiita Kimya.

Wa mwisho ni dada Ylva, wa jeli. Siku ninayoisimulia, Ylva alikataa kukaa.

Alikuwa amevaa koti zuri, lakini mfukoni alikuwa na nyundo, na nyundo ilivuta koti upande mmoja hadi bega likaonekana limeinama. Mkononi alikuwa na msumari. Aliuzungusha vidoleni, akautia mfukoni, akautoa tena. Chini ya kwapa alikuwa na kitabu chake kilichotobolewa tundu kwenye kona.

Kwetu mtu hawi daktari wa elimu kimyakimya. Wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu yake mbele ya watu, lazima aipigilie msumari kwenye ubao wa mwaloni mlangoni mwa maktaba, ili kila apitaye aisome na kuitafutia makosa. Watu wakisikia nyundo wanafungua madirisha na kupiga makofi. Ukishapigilia, umepigilia. Huwezi kurudi kesho kubadilisha sentensi. Na kwa Ylva siku ya mwisho ilikuwa hiyo, kabla maktaba haijafungwa. Alikuwa ameahidiwa kazi Trondheim, nchi jirani, nyumba ameshaiona, baiskeli ameshaiuza. Kazi yenyewe ilikuwa ya daktari, si ya karibu-daktari.

— Kaa basi, alisema Torbjörn. Unatutia upepo.

— Nikikaa nitatapika.

— Hiyo ni kahawa ya Gunvor, si tasnifu.

Zamu ya kahawa ilikuwa ya Gunvor kweli, na kahawa yake ni nyepesi hadi inapitisha mwanga. Alimimina.

Kilichomsimamisha Ylva tulikijua wote, maana tulikisikia wiki nzima. Jeli yake inatokana na mwani. Ni laini na inang'aa kama jicho la samaki. Unaiweka kwenye mashine, mashine inaibonyeza na kupima inavyokataa kubonyezwa. Unaiachia. Baadaye unaibonyeza tena, na safari hii inakataa zaidi, imekuwa ngumu. Kwa hiyo Ylva aliandika kwamba jeli yake inafundishika: ukiibonyeza, inajifunza kusimama imara. Hospitali moja ilikuwa imeanza kuuliza kama inaweza kuwekwa kwenye magoti ya wazee, maana goti likitumika kila siku lingezidi kuwa na nguvu badala ya kuisha. Mwani ule ulikuwa umempeleka mbali.

Sampuli moja tu ilikataa. Zote zilijifunza, hiyo moja haikujifunza kitu. Ilibonyezwa mara ya pili ikawa laini vilevile. Ylva si mtu wa kuficha, akaiweka kwenye jedwali pamoja na zile nyingine, akaitia nyota, na chini akaandika kwamba sababu haijulikani. Sasa mtu wa kumhoji siku ya utetezi alikuwa anatoka chuo cha Bergen, na habari zake zilishafika. Hasomi kurasa za mwanzo. Anatafuta nyota.

— Nipeni sababu moja, alisema Ylva. Moja tu, nikaingie nayo pale mbele. Akiniuliza, nisibaki mdomo wazi.

Gunvor alisema hakuna sababu. Vitu hutokea. Ukiwa na sampuli nyingi namna ile na moja tu ikawa kaidi, huo si msiba, huo ni uchache.

— Mimi ningeogopa zile zilizokubali, alisema. Kukubaliana kote huko kwa nini? Watoto wa mama mmoja hawakubaliani hivyo.

— Sasa unanisaidia au unanimaliza?

— Nakuhesabia tu, mwanangu.

Torbjörn akamwambia Gunvor kwamba bahati si sababu, ni jina la uvivu. Kitu kikibadilika, kuna kilichokisukuma. Yeye alishakijua. Ni treni. Ile treni ndefu ya magogo ikipita darajani, jengo zima linatetemeka, na sisi hatusikii kwa sababu sisi ni mifupa. Jeli inasikia.

— Treni ya magogo haipiti Alhamisi, alisema Ylva. Na hiyo ilikuwa Alhamisi.

— Ndiyo maana, alisema Torbjörn bila hata kupumua. Siku nyingine zote treni ilikuwa inaitikisa jeli yako ikashikamana. Alhamisi haikutikiswa.

— Nina sampuli nyingi za Alhamisi, mzee. Zote zilijifunza.

Torbjörn akasogea, ubao ukacheza, kahawa ya shangazi ikamwagikia kwenye kiatu. Alipoanza tena alikuwa ameacha treni, yuko mwezini. Mwani ni kitu cha bahari, alisema. Umezaliwa ukivutwa na maji kujaa na kupwa, na huwezi kuuondolea tabia hiyo kwa kuuchemsha. Mwezi ukikaa mahali fulani, mwani hata ukiwa jeli unalegea. Mtu aangalie tu mwezi wa siku ile ulikuwa wapi.

— Mzee Msuguano, alisema shangazi, ulitudanganya hivyohivyo kuhusu benchi.

— Kuhusu benchi sijamaliza.

Shangazi alikuwa anajipangusa kiatu kwa karatasi ya keki, na hapo ndipo alipoingia na yake. Alisema wote wawili wanaitazama jeli, kumbe wamtazame mkalimani. Jeli haiongei na Ylva. Inaongea na mashine, mashine ndiyo inamwambia Ylva kwa tarakimu. Na yeye hajawahi kumwona mkalimani asiyechoka. Akatukumbusha yule mtu wa mahakamani, aliyeshtakiwa kwa kuiba mota ya boti, aliyesimama akamtukana hakimu, mama wa hakimu na bandari nzima, naye Sirkka, akiwa ametoka kula mchana na kichwa kizito, akageuza yote ikawa: mshtakiwa hakubaliani na maelezo hayo.

— Mashine yako siku hiyo ilichoka, alisema. Jeli ilikuwa ngumu, mashine ikakwambia laini. Ilikuwa na adabu.

— Mashine haina adabu, shangazi.

— Yangu ya kufulia inayo. Ikiona nguo za mgeni inatulia.

Tulicheka, hata Ylva kidogo, kisha akaacha ghafla kama mtu aliyekumbuka ametoka bila kufunga mlango. Alitembea hadi kwenye pipa la taka akarudi. Upepo ukafunua kurasa za kitabu, akazifunga. Mimi nilimwonea huruma kwa sababu nyingine. Niliona kwamba kila anayemjibu alikuwa anajibu swali lake mwenyewe.

Gunvor akauliza siku hiyo yenyewe ilikuwaje. Si mwezi, si treni, siku. Alitaka kujua kama kuna hakika ilikuwepo, maana amewahi kuona watu wakiandika siku mbili kama moja, na amewahi kuona maabara nzima ikipima sampuli ya jana.

— Ilikuwepo, alisema Ylva. Mnaikumbuka nyote. Ni ile siku niliyogoma.

Hapo Torbjörn akatazama mtoni.

Tuliikumbuka. Asubuhi ya siku ile, mbele ya wageni, Torbjörn alisema jeli si fizikia, jeli ni jamu ambayo haijapata mkate. Wageni walicheka. Ylva alikunywa kahawa ya asubuhi huku midomo imekauka, na alasiri, kijiko kilipogongwa kwenye korido, mlango wake haukufunguka. Katika miaka yake yote ya utafiti, huo ndio wakati pekee aliokosa kahawa. Torbjörn alikaa kwenye benchi akiwa mwekundu hadi masikioni. Alisema hajawahi kuaibishwa hivyo. Ilibidi shangazi apande na kushuka ngazi akipeleka maneno huku na huku, na ninavyomjua, aliyalainisha njiani.

— Sasa tumefika, alisema Torbjörn, na sauti yake ikawa ya mtu aliyepata. Ni hasira. Usicheke, Bahati Nasibu. Mtu akikasirika mkono unapata joto. Alishika jeli kwa mkono wa moto, jeli ikalegea.

— Navaa glavu.

— Hasira inapita kwenye glavu.

Shangazi alisema si joto, ni hali ya moyo. Mkalimani akikaa kati ya watu wanaogombana, na yeye anaanza kutetemeka, hata kama ugomvi si wake. Jeli ilikaa kati ya Ylva na Torbjörn ikanuna. Gunvor naye, ambaye huwa ndiye mwenye akili ya baridi pale, akaingia moja kwa moja: dunia ina deni la mambo ya ajabu, na lazima ilipe mahali fulani, na siku ile ililipia kwenye mashine ya Ylva. Akatoa dadu mfukoni. Huwa anatembea nazo. Akasema kama wanashindwa kuamua, zitupwe: zikitoka shufwa Ylva akapigilie, zikitoka witiri nyota ifutwe.

— Kitabu kimeshachapwa, alisema Ylva. Haifutiki.

— Basi zikitoka witiri ukapigilie vilevile.

Ndipo mama yake Ylva akatokea kwenye kona ya jengo.

Tulijua anakuja kwa treni ya kaskazini, ila tulimtegemea baadaye, moja kwa moja mlangoni mwa maktaba. Jina lake Maj-Lis. Huko kwao aliendesha basi la watoto wa shule hadi alipostaafu, na bado ana ule mtazamo wa kuhesabu vichwa kabla ya kuondoka. Alikuwa na koti jipya ambalo mkunjo wa dukani haujatoka, na kikapu chenye keki iliyofunikwa kitambaa. Alimkumbatia Ylva, akampapasa mfukoni akakuta nyundo, akatabasamu.

— Hiyo ya baba yako. Umeipata wapi?

— Nilikuja nayo Krismasi.

Maj-Lis akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, akasema jina lake kila mara kama vile hatukulisikia alipomwambia wa kwanza. Torbjörn akasimama kumpisha, ubao ukaruka, Gunvor akashika chupa ya kahawa kwa wakati. Mama akakaa mwisho, upande uliolegea, ubao ukashuka chini yake. Aliuangalia, akasogea, ukashuka tena.

Wakamweleza habari ya sampuli, wote kwa pamoja, treni na mwezi na adabu ya mashine. Alisikiliza kwa heshima. Alikata keki akiwa anasikiliza, akampa kila mtu kipande, na cha Ylva akakiweka kwenye ukingo wa benchi kwa kuwa Ylva hakukipokea. Walipomaliza, nadhani aliona lazima naye aseme neno. Alitazama madirisha ya juu.

— Na hiyo jeli sasa iko wapi?

— Iko juu, mama. Kwenye mashine. Nimeibonyeza mara ya kwanza kabla ya kushuka. Wageni wa kesho wataiona.

— Na mkija huku kunywa kahawa, nani anabaki nayo?

Aliuliza kama mtu anavyouliza nani amebaki na mtoto. Hakuwa na maana nyingine. Hata alikuwa anapangusa makombo kwenye sketi.

— Hakuna anayebaki nayo, alisema Ylva. Inasubiri tu. Naibonyeza, nashuka kahawa, nikirudi naibonyeza tena.

— Kila siku?

— Kila siku, mama. Ndiyo utaratibu. Zote zimefanyiwa hivyo, isipokuwa...

Hakuimalizia.

Kazi yangu ni kusikiliza watu wanaponyamaza, na nimesikia mapumziko ya kila aina kwenye zile kanda, ya anayetafuta neno na ya aliyelipata akaogopa kulisema. Hili lilikuwa la aina ya pili, na lilikuwa la watu wanne kwa mara moja. Kikombe cha shangazi kilikuwa kimefika nusu ya njia kikakaa hapohapo.

Gunvor ndiye aliyesema, polepole, akiwa anazirudisha dadu mfukoni.

— Siku uliyogoma. Ulikaa nayo juu.

— Nilikaa nayo. Sikuwa na pa kwenda. Niliibonyeza, nikaiachia, nikaibonyeza palepale.

— Bila kungoja.

— Bila kungoja.

— Basi haikuwa kubonyeza, alisema Gunvor. Jeli iliyoachwa inajikaza yenyewe. Ungeiacha bila kuigusa kabisa, ingejikaza vilevile. Ylva, mwanangu, tumepima kahawa.

Torbjörn akasema haraka kwamba hilo haliwezi kujulikana kwa siku moja, lazima kuwe na majaribio, mtu asiruke. Lakini hakumtazama mtu usoni. Yeye ndiye anayegonga kikombe. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake.

Ylva aliitoa nyundo mfukoni, na bega lake likanyooka. Akampa mama yake nyundo, akampa msumari, akaweka kitabu kwenye benchi.

— Nishikie, alisema. Nakuja.

Akapanda ngazi mbili mbili. Kikombe chake kilibaki kwenye ukingo karibu na keki, kimejaa.

Nadhani sijawahi kuona kijiwe kikingoja hivyo. Hakuna aliyemimina. Torbjörn alitembea hadi kwenye pipa, akarudi, njia ileile ya Ylva. Shangazi aliangalia saa ya kanisa, akaangalia mlango wa maktaba ng'ambo ya uwanja, ambapo mhudumu alikuwa ameshatoa ngazi fupi na kuiegemeza kwenye ubao wa mwaloni, tayari. Gunvor alikuwa anapiga hesabu kwa midomo, na kila alipofika mwisho alitikisa kichwa na kuanza upya. Maj-Lis alikaa wima, nyundo mapajani. Baada ya muda aliniinamia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu.

— Nimesema vibaya?

— Hapana, mama. Umeuliza tu.

— Nilidhani kuna mtu anabaki nayo, alisema. Mimi hata maziwa jikoni nisingeyaacha peke yake.

Akajaribu kukaa vizuri, ubao ukashuka, akashika ukingo kwa mkono.

Ylva aliporudi hakukimbia. Alishuka ngazi moja moja akiwa amevua glavu moja, nyingine iko mkononi. Akaja hadi kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa.

— Nimechota mpya, alisema. Nimebonyeza, nimeachia, nimebonyeza palepale. Nikabonyeza tena na tena. Laini. Haijifunzi kitu.

— Na ile iliyokuwa ikisubiri? aliuliza Gunvor.

— Ile imekuwa ngumu. Peke yake, wakati sisi tunaongea habari za mwezi.

Alichukua kikombe chake, kahawa imeshapoa, akainywa yote.

Torbjörn ndiye aliyeanza kumwombea, na sijui kama alikuwa anamwombea Ylva au anajiombea. Alisema akapigilie tu. Muda upo, mlango bado uko wazi. Kuna kweli nyingi ndani ya kitabu kile, vipimo ni vizuri, jeli ni halisi, neno moja tu ndilo limekosewa. Kila tasnifu iliyopigiliwa kwenye ule mwaloni ina neno lake. Yake ya ujana inayo. Na mtu wa Bergen ataona nyota, hataona kahawa, huko kwao kila mtu anakunywa mezani kwake peke yake. Gunvor alisema Trondheim hawatangoja, na alilisema kwa uchungu, kwa sababu ni yeye aliyemwandikia Ylva sifa.

— Mdomo wa Kukodi, mwambie, alisema Torbjörn. Wewe umegeuza maneno maisha yako yote.

Shangazi aliikunja ile karatasi ya keki.

— Nimegeuza ya wengine, alisema. Ya kwangu mwenyewe sijawahi kuyageuza.

Ylva alikuwa anaangalia ng'ambo, mlango wa maktaba.

— Nikipigilia, nitasimama mbele ya watu niseme jeli inafundishika, alisema. Kuna mtu ataiweka kwenye goti la mzee. Mzee atatembea, hatapumzika, kwa sababu tumemwambia akitembea inazidi kuwa imara. Na mimi najua kwamba ukiitembeza bila kuipumzisha inabaki hivihivi, kama jamu.

Torbjörn aliinamisha kichwa kwa lile neno.

— Nilikosea kusema jamu, alisema.

— Hapana, mzee. Kama ungeniudhi mara nyingi zaidi, ningekuwa nimeshajua mapema. Ningegoma kila siku.

— Na Trondheim? aliuliza mama yake.

— Watampata mwingine. Mimi nitaanza tena. Mwaka, labda na zaidi. Hii ya kupumzika nayo ni kitu, mama. Ila si hiki nilichoandika humu.

Alikichukua kitabu chake chenye tundu, akakikumbatia kifuani kama mtu anayesikia baridi. Ng'ambo, mhudumu wa maktaba alitoka akatazama upande wetu, akatazama saa. Ylva hakusimama. Alitikisa kichwa, na yule mtu akakaa kidogo pale kana kwamba huenda hakuona vizuri, kisha akabeba ngazi yake akaingia.

Maj-Lis alifungua kiganja. Msumari ulikuwa umemwachia alama kwa kuubana.

— Sasa huu niufanyie nini?

Pale palikuwa na mtu wa fizikia, mtu wa takwimu, mtu wa lugha, na mtu wa vitu laini, na hakuna aliyempa jibu. Alingoja, akatutazama mmoja mmoja, akihesabu vichwa. Kisha akasimama, ubao ukaruka, wote tukanyanyuka kidogo kama kawaida. Akainama, akatafuta kwa kidole lile tundu la zamani, akaweka msumari wa Ylva, akapiga nyundo.

Alipiga kama mtu aliyezoea, bila haraka, na sauti ikagonga ukuta wa maabara ikarudi. Juu yetu dirisha likafunguka. Likafunguka jingine. Mtu ambaye hatukumwona akaanza kupiga makofi, wa pili akaitikia, na kwenye jengo la ng'ambo pia, makofi yakaja kutoka pande zote za uwanja, na mtu mmoja akaita hongera, daktari.

— Mwambieni bado, alisema Ylva.

Lakini tulikuwa tumekaa sote kwenye ubao ambao haukusogea, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka.